Plazima Darasani: Tuifundishe Pamoja na Gharama Yake

Katika somo la sayansi tumezoea kuwakaririsha watoto kwamba maada ina hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Kisha twafunga kitabu. Nionavyo mimi, mwalimu aishiaye hapo huwanyima watoto jambo wanaloliona kwa macho yao kila masika. Mwali wa radi ni hali ya nne ya maada, nayo huitwa plazima. Gesi ipatapo nishati nyingi mno, elektroni hubanduka katika atomu, na gesi hiyo hupitisha umeme. Jina hilo lilitolewa na mwanasayansi wa Marekani, Irving Langmuir, mwaka 1928.

Hali hii si ya kutazamwa angani tu. Mwaka 1903 Kristian Birkeland na Sam Eyde wa Norway walibuni njia ya kupitisha hewa katika tao la umeme, naitrojeni ikaungana na oksijeni, na hatimaye ikapatikana mbolea. Leo wataalamu wanatafuta njia za kutumia plazima kuzigeuza kabonidayoksaidi na methani, gesi zinazoongeza joto duniani. Gesi hizo zikivunjwa pamoja, hupatikana haidrojeni na kabonimonoksaidi, ambazo ni malighafi ya kutengenezea methanoli na kemikali nyingine.

Je, mtoto wa shule ya msingi aweza kuelewa haya? Aweza, iwapo mwalimu atatumia vitu badala ya maneno matupu. Chukua maharage yawe kaboni, punje za mahindi ziwe oksijeni, na punje za mtama ziwe haidrojeni. Kwa udongo wa mfinyanzi, watoto wabandike harage moja na mahindi mawili: hiyo ni kabonidayoksaidi. Wabandike harage jingine na mtama minne: hiyo ni methani. Kisha wavibandue na kuvipanga upya. Watapata jozi mbili za harage na hindi, na jozi mbili za mtama. Hakuna punje iliyopotea wala iliyozidi. Hapo watoto watakuwa wamejifunza kanuni kubwa ya kemia bila kukariri.

Lakini somo lisiishie hapo, maana hapo ndipo ilipo hatari. Tukiieleza plazima kama muujiza, mtoto ataondoka akiamini kwamba ipo mashine itakayosafisha hewa, hivyo hana haja ya kupanda mti wala kubana matumizi ya mkaa. Hiyo si sayansi, ni hirizi.

Kabonidayoksaidi ni kama majivu: ni kaboni iliyokwisha kuungua. Kuirudisha ilivyokuwa kwahitaji nishati isiyopungua ile iliyotoka ilipoungua. Umeme huo ukitokana na makaa ya mawe, moshi utakaoongezeka utazidi ule ulioondolewa. Hata njia ya Birkeland na Eyde iliachwa kwa sababu ilikula umeme mwingi, ikashindwa na njia ya Haber na Bosch ya Ujerumani. Kwa hiyo watoto wanapobandua punje, mwalimu awaulize: nguvu ya kubandua imetoka wapi? Mtoto atajibu kwamba imetoka mikononi mwake, naye amekwisha kupata kiini cha somo. Kisha wapelekwe nje wautazame mti, ambao jani lake hutumia kabonidayoksaidi kwa nishati ya jua.

Tuwaonye pia kwamba kabonimonoksaidi, iliyo malighafi kiwandani, ndiyo iuayo watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Gesi haina wema wala ubaya. Yategemea iko wapi na yatumiwaje.

Enyi wanachuo, mtakaporudi vijijini na mijini kufundisha, msiogope kuwapa watoto habari za sayansi mpya kwa kisingizio cha kukosa maabara. Lakini kila mnapowasimulia faida ya chombo fulani, wazoezeni kuuliza nishati yake yatoka wapi, na nani anailipia.