Kabla ya taa za mbwembwe, nunua koleo

Vijana wenzangu, masika ikikaribia naona pikapu nyingi zinafungwa bampa la chuma na taa kubwa juu. Sina ugomvi na urembo. Ila nauliza: gari likizama kwenye tope la Kilolo, taa zitalivuta?

Msimu mmoja nilipewa lifti na mkulima aliyebeba nyanya. Gari zuri, linavuta tairi zote nne, taa mpya nne. Tukakwama. Koleo hakuna, kamba hakuna. Jeki ilikuwepo, lakini kila ukiinua gari, yenyewe ndiyo inazama. Tukalala palepale. Trekta ilikuja kesho yake mchana, nyanya za chini zimeshaanza kuchuruzika maji. Sokoni alipewa bei ya kutupa.

Kwa maoni yangu, hela yako ya kwanza iende kwenye tairi zenye kashata nzuri, na spea iliyojaa upepo. Kisha koleo, panga, kamba imara ya kuvutia, na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Ongeza pampu ndogo: kwenye tope unapunguza upepo kidogo tairi lishike, ukitoka unajaza tena. Mzigo mzito ukae chini, si kwenye keria. Gari lililolemewa juu hupinduka kirahisi kwenye mteremko. Maji ya kunywa usisahau, na nyumbani waambie unapita njia ipi.

Ukishakamilisha hivyo, funga taa hata kumi.