Unauza gia boksi ya HiAce? Pedali ya klachi iko wapi?

Wauzaji wa spea mtandaoni, leo tuambiane ukweli.

HiAce nyingi zinazotoka Japani ni otomatiki. Gari likipigishwa kazi ya abiria mpaka gia boksi ikafa, mwenye gari anaona bora aweke gia za mkono ambazo fundi wa mtaani kwake anaziweza. Hapo ndipo anaingia kwenye peji yako.

Na wengi tunafanya nini? Picha moja ya gia boksi, "mzigo umeingia, bei njoo inbox". Mteja wa Mbeya analipa, mzigo unapanda basi. Fundi anafungua, anauliza: pedali iko wapi?

Mimi nasema hivi: kwa mteja anayetoka otomatiki, gia boksi peke yake ni nusu ya kazi. Gari linalala gereji, hesabu ya siku hakuna, na rejesho la mkopo halisubiri. Ile hasira yote inarudi kwenye komenti zako.

Uza seti. Seti ina vitu hivi:

✅ Pedali ya klachi na bracket yake, springi na pini
✅ Pedali ya breki ya manuali (ile ya otomatiki ni pana, inabana miguu)
✅ Masta ya klachi ya juu, ya chini, na paipu yake
✅ Flaiwili na bolti zake, pleti, presha, uma na beringi
✅ Gia liva na kebo zake
✅ Propela shafti na mauntingi, kama za otomatiki haziingiliani

Kabla ya kutaja bei, omba picha ya namba ya chesisi na jina la injini. HiAce zikianza na KDH ni dizeli, TRH ni petroli. Flaiwili ya moja haikai kwenye nyingine. Ukiambiwa tu "ya HiAce" ukatuma, umecheza bahati nasibu kwa nauli ya mtu.

Kuna mtego mwingine: mzigo wa Dubai. Magari ya kule usukani uko kushoto. Gia boksi inaweza kukubali, lakini pedali na bracket zimepangwa kwa upande ule, na zetu usukani uko kulia. Kwa pedali, tafuta gari la Japani lililokatwa, na muombe winga wako akupigie picha ikiwa bado imefungwa kwenye gari.

Mtumba au mpya? Pedali, bracket na uma ni chuma, mtumba unafaa, mradi tundu la pini halijalika. Flaiwili kagua nyufa. Lakini masta, pleti, presha na beringi uza mpya. Mpira wa ndani ya masta ukikaa mkavu stoo unakakamaa, na klachi itaanza kuvuja wiki ileile.

Mwambie mteja na hili: gari la otomatiki haliwaki mpaka gia iwe P au N. Boksi likitoka, fundi wa umeme lazima ashughulikie ule waya wa kuwashia na wa taa za rivasi. Bila hivyo utapigiwa simu kwamba umeuza kitu kibovu.

Najua kuna atakayesema kipande kimoja kimoja kina faida zaidi, na seti inafunga mtaji. Kweli, mtaji unafungwa. Lakini si lazima seti yote iwe stoo kwako. Jua nani Ilala ana pedali na nani Gerezani ana masta mpya, chukua oda na malipo ya awali, kusanya, piga picha kila kipande, ndipo utume. Mzigo unaorudi kutoka mkoani unakula faida ya mizigo miwili mingine.

Na kama kipande huna, andika kwenye tangazo: "pedali haipo". Mteja ataitafuta kwingine mapema, na kesho atarudi kwako kwa sababu hukumficha.

Wewe unauza seti au vipande? Na pedali za usukani wa kulia unazipata wapi siku hizi? Tuambie kwenye komenti, wenzako wanasoma. 👇