Vijana Wetu Waandike Wanayoyajua



Ndugu wazazi, walimu na wanafunzi, ningependa tuzungumze juu ya jambo linalotugusa sote hapa Kasese na Bwera, nalo ni namna vijana wetu wanavyofundishwa kusoma na kuandika.

Muhula uliopita nilifungua daftari la kijana wangu aliyeko Senior 2. Nikakuta insha ya matembezi ya ufukweni: mawimbi, mchanga mweupe, merikebu kwa mbali. Alama alizopewa ni nzuri. Lakini kijana huyu hajawahi kuiona bahari! Nilipomuuliza akanijibu bila wasiwasi, "Baba, hiyo tulinakili ubaoni, darasa zima." Ni kijana huyuhuyo ambaye Mei 2020, akiwa bado mdogo, alisimama nami tukiutazama mto Nyamwamba ukibeba nyumba za watu. Hilo hajaliandika hata mstari mmoja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aandike.

Sisi ni umma ambao amri ya kwanza kuteremshiwa ilikuwa ni kusoma. Imepokewa pia kwamba baada ya vita vya Badri, mateka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Basi vipi turidhike na kijana anayejua kunakili tu?

Maoni yangu ni haya: kijana atapenda kusoma na kuandika pale atakapopewa nafasi ya kusema jambo lake mwenyewe, na akawepo mtu wa kulisikiliza. Mambo matatu yafuatayo yanaweza kufanyika shuleni au madrasa, bila gharama kubwa.

Kwanza, kusoma na kukatiza. Mwalimu asome hadithi kwa sauti, na ikifika mahali pa mashaka afunge kitabu. Kila mwanafunzi aandike mistari mitano: nini kitafuata, na ni neno gani katika hadithi limemfanya adhani hivyo. Kisha kitabu kifunguliwe, walinganishe. Kitabu kimoja kinatosha darasa la watu sitini, na hakuna atakayesinzia.

Pili, sokoni. Watoto wa Bwera wana soko la Mpondwe-Lhubiriha karibu na mlango wao, ambako Mkonzo wa upande huu na Mnande wa upande wa Kongo wanaelewana, na Kiswahili kinawaunganisha na wengine. Kijana atakapofuatana na mzazi wake sokoni, arudi na vitu vitatu katika daftari: harufu moja, bei moja iliyobishaniwa, na sentensi moja aliyoisikia, kama ilivyosemwa. Kutokana na hivyo aandike ukurasa mmoja. Hapo hataandika "soko lilikuwa zuri", maana ana la kusema zaidi ya hilo.

Tatu, mzee. Kilembe wapo wazee waliofanya kazi katika machimbo ya shaba, na Katwe wapo wanaochota chumvi ziwani. Kijana amuulize mzee maswali matano, aandike majibu kwa Lhukonzo kwanza, kisha ayageuze kwa Kiswahili au Kiingereza. Halafu arudi amsomee. Mzee atamsahihisha: "Hapana mjukuu wangu, sikusema hivyo." Somo hilo la usahihi hatalisahau.

Na kalamu nyekundu? Isubiri. Andiko la kwanza mwalimu aliulizie maswali mawili tu ya maana: "Ulisikia nini hapo?" "Kwa nini aliondoka?" Makosa ya tahajia yasahihishwe katika andiko la pili. Mtoto anayeadhibiwa kwa kila herufi hujifunza kuandika maneno machache, yale tu asiyoweza kuyakosea.

Najua baadhi ya walimu watasema muda hautoshi na mtihani unakuja. Ni kweli, darasa ni kubwa. Lakini mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 wenyewe unamtaka mwanafunzi atumie alichojifunza katika maisha yake, si kukariri. Insha ya kunakili humsaidia mtoto siku swali linapofanana na la ubaoni. Likibadilika, amekwama.

Lipo jambo zito zaidi. Juni 2023 shule ya sekondari ya Mpondwe Lhubirira ilishambuliwa, wakauawa zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Vijana wengi wa pande hizi wanabeba mambo ambayo hawajayasema. Sisemi walazimishwe kuyaandika. La, hilo ni kuwatonesha kidonda. Kila mara wapewe kichwa cha habari kingine cha kuchagua, na wakiandika jambo la siri, lisisomwe mbele ya darasa bila idhini yao. Lakini mlango uwe wazi. Kijana asiyepata maneno ya huzuni yake atapewa maneno na mtu mwingine, na huenda mtu huyo hamtakii heri.

Wazazi, sehemu yetu ni nyepesi. Jioni moja kwa wiki, zima redio na simu, mwambie mwanao akusomee alichoandika. Usimkosoe. Muulize, "Kisha ikawaje?"

Wabillahi tawfiq.