Kanuni za Safari Rally ni programu, tuzisome

Nimekuwa kimya muda mrefu, kazi zimenibana. Leo naandika kuhusu magari, lakini msikimbie, tutafika kwenye programu.

Mwaka 2024, baada ya rali ya Sweden, palizuka zogo kwenye baraza yetu ya kahawa hapa Likoni. Esapekka Lappi ameshinda, lakini Elfyn Evans, aliyekuwa wa pili, kaondoka na pointi nyingi kumshinda. Wazee wakakata shauri: mtoto wa watu kaibiwa. Nami nikaitikia, maana nilikuwa na kijiprogramu changu cha kuhesabu pointi za WRC, na kilimpa Lappi 25.

Usiku nikafungua kanuni za FIA. Kumbe mwenye kosa ni mimi. Msimu ule pointi 18 zilikuwa za anayeongoza Jumamosi jioni (naye alizipata tu akimaliza rali Jumapili), 7 za mwenye kasi zaidi Jumapili peke yake, na 5 za mkondo wa mwisho. Lappi alikwenda polepole Jumapili kulinda ushindi, Evans akakimbia. Programu yangu haikuwa na hitilafu, ila niliiandikia kanuni za mwaka mwingine.

Kwangu mimi ile ilikuwa kanuni mbovu, na mwaka 2025 waliirekebisha, mshindi akarudishiwa 25. Lakini kanuni mbovu si wizi. Ukiita wizi kila usichokielewa, siku ya wizi wenyewe hakuna atakayekusikiliza.

Sasa sikilizeni hii, ndiyo niipendayo. Gari likitoka mkondo mmoja kwenda mwingine hupita barabara za kawaida, na kila kituo lina dakika yake ya kufika. Ukichelewa, kila dakika ni adhabu ya sekunde 10. Ukiwahi, kila dakika ni adhabu ya dakika nzima! Yaani kuwahi ni kosa mara sita ya kuchelewa. Sisi wa Likoni tunaotoka nyumbani alfajiri kuiwahi feri tungefilisika. Lakini fikiri: kuwahi kungekuwa na faida, madereva wangefukuzana katikati ya matatu na watoto wa shule. Tena kipande cha dakika huhesabiwa dakika kamili, kwa hiyo mwandishi wa programu akigawanya na kutupa masalio, amempa mtu nafasi isiyo yake.

Na msidhani ni mambo madogo. Safari ya mwaka 1973, mwaka wa kwanza wa mashindano haya ya dunia, Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa sawasawa kabisa. Mtu angesema warushe sarafu. Kanuni ilikuwa imeshajibu: ushindi ni wa aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mehta akashinda, na baadaye akashinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Wale mnaopanga orodha kwa kigezo kimoja tu, mmenielewa.

Kinachoniudhi ni kwamba rali inapita Naivasha, vumbi tunakula sisi, lakini kanuni za Kiswahili sijawahi kuziona. Mzee wa barazani anayemjua Joginder Singh kuliko mimi ninavyomjua jirani yangu hana njia ya kuhakikisha anachoambiwa. Hizi si sheria za mawakili. Ni "ikiwa hivi, basi vile" ukurasa baada ya ukurasa, kitu ambacho mcheza bao yeyote anakiweza.

Basi nimeanza kutafsiri. Nimemaliza sehemu ya vituo vya saa na sehemu ya pointi, kwa Kiswahili cha barazani, na nimezisoma kwa sauti Ijumaa iliyopita. Mzee mmoja akaniuliza: gari likizuiwa na ng'ombe barabarani, dakika zinaendelea kuhesabiwa? Sikuwa na jibu. Nimerudi kusoma.