Usimbadilishe Modo Wako, Mpige Picha Alivyo

Leo sijaja na mbinu ya kukuza mtaji. Nimekuja na maoni yangu kuhusu picha tunazoposti, na najua kuna watakaonuna. Tuache kuwageuza mamodo wetu kuwa watu wengine kwa filta. Mpige mtu alivyo, rekebisha kidogo, weka bei, uza.

Mimi nauza magauni. Nimeishia kidato cha nne, na kupiga picha nimejifunza mwenyewe kwa simu. Nilipoanza sikuwa na hela ya kumlipa mwanamitindo, kwa hiyo modo wangu alikuwa mdogo wangu wa kike. Anavaa, anasimama mlangoni mwa duka, napiga. Usiku nakaa na simu: uso naung'arisha, ngozi nailainisha mpaka inateleza kama plastiki, kiuno nakibana, hipsi naongeza. Nikiposti, likes kibao. Nikajiona fundi.

Hasara ya kwanza ilikuwa ya hela. Mteja wa mkoani aliagiza gauni, nikamtumia kwa basi. Alipolifungua akanipigia: "Dada, mimi nimeagiza nyekundu, umeniletea damu ya mzee. Na mbona kwangu halikai kama kwa yule wa kwenye picha?" Ukweli ni kwamba hata kwa yule wa kwenye picha halikukaa vile. Filta ilipong'arisha uso iling'arisha na gauni, na kiuno nilikibana mimi. Nikarudisha hela yote, nikalipa na nauli ya mzigo kwenda na kurudi. Mteja mwenyewe hajarudi mpaka leo.

Hasara ya pili haina risiti. Siku moja mdogo wangu alikuwa anaperuzi picha zake, akaniuliza, "Dada, hivi ule mkorogo wa pale sokoni ni shilingi ngapi?" Nikamuuliza wa nini. Akajibu, "Nataka nifanane na mimi wa kwenye page yako."

Nilikosa la kusema. Mtoto wa watu mzuri, ngozi yake haina tatizo lolote, na mimi ndiye niliyemfundisha kila wiki kwamba haitoshi. Nilikuwa nauza magauni huku namuuzia mdogo wangu mkorogo bila kujua.

Usidhani hili ni la sisi wadogo tu. Mwaka 2017 jarida moja la Uingereza, Grazia UK, lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada, mwigizaji Mkenya aliyeshinda Oscar. Sehemu ya nywele zake za asili ikafutwa kwa kompyuta. Lupita hakunyamaza, alilalamika hadharani, na mpiga picha akaomba radhi. Kama mtu mkubwa vile anafanyiwa hivyo na inamuuma, huyo binti unayempa elfu kumi avae nguo zako inamuumaje?

Wenzetu wengine wameshaamka. Ufaransa, tangu tarehe 1 Oktoba 2017, picha ya tangazo iliyomkondesha au kumnenepesha mwanamitindo lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Marekani, Aerie wanaouza nguo za ndani waliacha kurekebisha miili ya mamodo wao kwenye matangazo mwaka 2014, na wakaifanya hiyo ndiyo sifa yao. Yaani ukweli wenyewe ukawa tangazo.

Najua utaniambia, "Dada, washindani wangu wote wanatumia filta, mimi nikiposti picha ya kawaida nani ataiangalia?" Sikudanganyi, likes zangu zilipungua. Lakini na nguo zinazorudi zilipungua. Siku hizi wateja wananiuliza, "Huyo dada anavaa saizi gani? Mimi nina mwili kama wake." Hilo ni swali la mtu anayetaka kununua. Anayesema "umependeza mrembo" anapita zake.

Halafu picha ya asili siyo picha mbaya. Ukipiga vizuri, kazi ya kurekebisha inabaki ndogo sana. Mimi nafanya hivi:

1. Zima urembo wa kamera. Simu nyingi zinalainisha ngozi zenyewe bila kukuuliza. Ingia kwenye kamera, tafuta sehemu ya urembo, peleka sifuri. Na ufute lenzi kwa kitambaa safi. Ukungu mwingi kwenye picha ni mafuta ya vidole vyako.

2. Tafuta kivuli chenye mwanga. Barazani au karibu na mlango, asubuhi kabla ya saa tatu au jioni kuanzia saa kumi. Jua la saa sita linachimba mashimo chini ya macho. Taa ya dukani ukiichanganya na mwanga wa nje inaharibu rangi ya kitambaa.

3. Angalia ukuta wa nyuma. Modo mweusi mbele ya ukuta mweupe, simu inaona mwanga umezidi, inapunguza, uso unakuwa giza. Hapo ndipo wengi tunakimbilia filta ya kung'arisha. Badala yake gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha pandisha mwanga kidogo. Au badilisha ukuta.

4. Rudi nyuma hatua mbili tatu. Ukimsogelea sana, pua inakua na uso unapinda. Kwa gauni zima, shusha simu usawa wa kifua au kiuno. Ukipiga kutoka juu, unamfupisha miguu.

5. Kwenye kurekebisha, weka mpaka. Kata kingo, sawazisha mwanga, linganisha rangi ya picha na gauni ukiwa umelishika mkononi. Kwa ngozi, sheria yangu ni hii: kitakachoondoka wiki ijayo, kama chunusi, unaweza kukifuta. Kitakachobaki, kama kovu, alama au mistari ya uzazi, kiache. Rangi ya ngozi na umbo usiguse kabisa.

6. Mwonyeshe modo picha kabla hujaposti. Akisema hii hapana, futa. Mkubaliane kwa maandishi, hata kwa meseji: unamlipa kiasi gani, picha itatumika wapi, mpaka lini. Hata kama ni ndugu yako, mlipe. Undugu haununui vocha.

Mdogo wangu bado ni modo wangu, sasa hivi namlipa. Mwezi uliopita nilimpiga akiwa amevaa gauni lile lile la damu ya mzee. Kwenye paji la uso ana kovu la kuanguka utotoni, ambalo zamani nilikuwa nalifuta kila mara. Nikamwonyesha picha likiwepo. Akaikuza, akaitazama muda, akasema, "Hii iposti." Na mkorogo sijamsikia akiuuliza tena.

Wewe mwenzangu unayeuza nguo, wigi, hereni au vipodozi, fungua page yako leo, angalia picha tatu za mwisho. Mteja akikutana na modo wako kituo cha daladala, atamtambua? Kama jibu ni hapana, na bidhaa yako ataitilia shaka.