Unyanyapaa wa tatizo la haiba ya mpakani

Tatizo la haiba ya mpakani liliingizwa katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980. Mwenye nalo hupandwa na hisia kali zinazochelewa kutulia, huogopa mno kuachwa, na mara nyingi hujijeruhi. Unyanyapaa wake ni mchungu zaidi kwa kuwa hutoka hata kwa watabibu. Nchini Uingereza, utafiti wa Lewis na Appleby wa mwaka 1988 uliwapa madaktari wa akili maelezo ya wagonjwa. Pale mgonjwa aliposemwa kuwa na tatizo la haiba, walimwona msumbufu na asiyestahili sana huduma.

Madhara yake ni mazito. Kilio cha maumivu huitwa hila, maradhi mengine hupuuzwa, na mgonjwa anayedharauliwa huacha kutafuta msaada, ilhali hatari ya kujiua ni kubwa.

Imani kwamba watu hawa hawaponi si kweli. Ufuatiliaji wa Mary Zanarini katika hospitali ya McLean, Marekani, ulionyesha kuwa wengi mno walipata nafuu ndani ya miaka 10. Marsha Linehan, mwanasaikolojia aliyebuni tiba ya kufundisha kutawala hisia na kustahimili dhiki, alitangaza mwaka 2011 kwamba naye alilazwa ujanani kwa kujiumiza. Mgonjwa anastahili kuelezwa kwamba nafuu inawezekana siku ileile anapotajiwa ugonjwa wake, na familia yake ielezwe pia, akiridhia.