UCHAMBUZI: Kinu cha Buyende, nani atapima lori lako?

Uganda inaendelea na mpango wa kujenga kinu chake cha kwanza cha umeme wa nyuklia wilayani Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, kilometa zipatazo 150 kaskazini mwa Kampala. Mwezi Machi 2023 serikali ilitangaza kwamba megawati 1,000 za kwanza kati ya 2,000 zitapatikana ifikapo mwaka 2031. Tarehe za miradi ya namna hii husogea, na wasomaji wetu walioisubiri reli ya SGR ifike Malaba wanalijua hilo. Lakini mipango ya dharura haingoji kinu kiwake. Huandaliwa miaka mingi kabla, na ndani yake limo swali moja linalomhusu mfanyabiashara wa Mbarara kuliko anavyodhani: watu wa kupima mionzi watakuwa wangapi, na watakaa wapi?

Mtu wa Mbarara au wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale anaweza kusema Buyende ni mbali. Kwa ramani ni kweli. Kutoka Buyende hadi Mbarara, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilometa 340, na Nakivale ni pungufu kidogo ya hapo. Wilaya jirani ya Kiruhura iliwahi kutajwa pamoja na Buyende, Nakasongola, Mubende na Lamwo kama mahali panapoweza kufaa, lakini ni Buyende iliyosonga mbele.

Hata hivyo, tuangalie mwongozo uliotolewa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, mwaka 2013. Kwa vinu vikubwa, eneo la kilometa 3 hadi 5 ni la kuhamisha watu mara moja, hata kabla mionzi haijatoka. Kilometa 15 hadi 30 ni eneo la hatua za haraka. Hadi kilometa 100 panatakiwa kupimwa upesi ili kujua kama kuna mahali watu wanapaswa kuondoka. Mzunguko wa mwisho ni wa kilometa 300, nao unahusu chakula, maziwa, maji na bidhaa nyingine. Huu ndio mzunguko wetu sisi watu wa biashara.

Chora duara la kilometa 300 kutoka Buyende. Kampala imo. Malaba na Busia zimo. Eldoret na Kisumu zimo. Masaka imo, na Mutukula iko ukingoni kabisa. Kwa maneno mengine, shehena ya maharage, ndizi au maziwa inayotoka Isingiro na Mbarara kwenda Kenya haitoki ndani ya duara, lakini itapita ndani ya duara kabla ya kufika mpakani. Dereva akifika Malaba siku ya tatu baada ya ajali, ofisa wa upande wa pili hatauliza ng'ombe alikula nyasi za wapi. Atauliza cheti.

Na atakuwa na sababu. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, maziwa ndiyo yaliyobeba iodini yenye mionzi kwa watoto: ng'ombe anakula nyasi, na mtoto anakunywa maziwa. Iodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8, kwa hiyo hasara yake kubwa ni ya wiki za mwanzo. Sizi-137 huchukua miaka 30 kupungua nusu. Jambo la kukumbuka ni kwamba kifaa cha mkononi kinachopitishwa ubavuni mwa lori kinaweza kuonyesha vumbi lililogandamana kwenye turubai, lakini hakitoshi kusema maziwa yaliyo ndani ya tangi ni salama kunywewa. Hilo linahitaji sampuli, maabara na mtaalamu wa kusoma majibu.

Hapo ndipo hesabu ya watu inapoanza kuuma. Wiki ina saa 168. Mtu akifanya kazi saa 40, nafasi moja tu inayofunguliwa usiku na mchana inahitaji watu wanne na zaidi, kabla ya kufikiria likizo na ugonjwa. Tuchukulie kila gari linapimwa kwa dakika 10: kituo chenye kifaa kimoja kitapitisha magari 6 kwa saa, yaani 144 kwa siku, bila mapumziko ya chai. Aliyewahi kulala Malaba kwenye foleni anajua maana ya namba hiyo.

Mipango mingi ya dharura huanza na watu walio ndani ya uzio wa kinu, na si kosa. Baada ya ajali ya Three Mile Island mwaka 1979, Marekani ilitoa mwaka 1980 waraka wa NUREG-0654, unaoonyesha ni wafanyakazi gani, wakiwemo wa kinga ya mionzi, wawe zamuni saa zote, na wengine wangapi wafike ndani ya dakika 30 na 60. Waraka huo ulifanyiwa marekebisho mwaka 2019. Fukushima ilionyesha kwa nini haitoshi kuwa na majina kwenye orodha. Tarehe 24 Machi 2011 wafanyakazi watatu walioingia chini ya jengo la mtambo wa tatu kutandika nyaya walisimama katika maji yenye mionzi mikali. Vipimo vilikuwa vimechukuliwa siku moja kabla, maji yakiwa machache. Vifaa vyao vililia, wakadhani vimeharibika, wakaendelea na kazi. Wawili walikuwa wamevaa viatu vifupi. Kama angekuwapo mtu wa kinga ya mionzi pale mlangoni akipima upya asubuhi ile, huenda wasingeshuka.

Uganda ina sheria ya nishati ya atomu ya mwaka 2008 na Baraza la Nishati ya Atomu linaloisimamia. Mwishoni mwa 2021 ujumbe wa IAEA ulikuja kupima utayari wa nchi, na miongoni mwa mambo 19 ambayo shirika hilo huyaangalia ni wataalamu, kinga ya mionzi na mipango ya dharura. Tatizo ni kwamba wataalamu hao hao wanatakiwa hospitalini, viwandani na kwenye mafuta. Mulago ilikaa bila mashine ya tiba ya mionzi kuanzia 2016, ile pekee ya nchi ilipoharibika, hadi mpya ilipofungwa mwishoni mwa 2017. Mashine inaweza kununuliwa. Mtaalamu anayeiendesha huchukua miaka kumfundisha, na akishaiva anaweza kuitwa na nchi yenye mshahara mnono.

Tanzania inatupa mfano wa karibu. Tume yake ya Nguvu za Atomiki, TAEC, yenye makao Arusha, hupima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka na kutoa cheti. Wafanyabiashara wamelalamikia ada na ucheleweshaji, na malalamiko mengine yana haki. Lakini nchi ambayo tayari ina watu na maabara inapopata dharura haianzii sifuri. Wale tunaowanung'unikia leo ndio tutakaowatafuta siku hiyo.

Tusisahau pia kwamba mpaka haufungwi na mionzi peke yake. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa, lakini kwa sharti la cheti, na malori yaliyokuwa njiani yalikuwa yameshaonja. Maziwa ya Mbarara nayo yamekwama Kenya zaidi ya mara moja kwa sababu zisizohusiana kabisa na nyuklia.

Nakivale ina tatizo lake la ziada. Zaidi ya watu 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda na kwingineko wanaishi huko, wengi wakiuziana mahindi na maharage kwa Kiswahili. Tangazo la dharura litakalotolewa kwa Kiingereza na Kinyankole tu litawaachia uvumi, na uvumi huangusha bei ya samaki wa Ziwa Nakivale kabla mtu yeyote hajapima maji. Aidha, Nakivale iko karibu na Kigali kuliko Buyende, kiasi cha kilometa 160. Rwanda nayo, mwezi Septemba 2023, ilitia saini na kampuni ya Dual Fluid makubaliano ya kinu cha majaribio. Vinu vidogo vina maduara madogo, lakini upimaji wa pande zote mbili za mpaka bado utahitajika.

Vyama vya wasafirishaji na wafanyabiashara vinapoitwa kwenye mikutano ya Buyende, kwa kawaida huuliza juu ya zabuni za saruji na kokoto. Ni haki yao. Waulize pia kama maabara ya kupima chakula itawekwa Mbarara au kila sampuli itasafirishwa Kampala, cheti cha Uganda kitakubaliwa Malaba na Mutukula bila kupimwa upya, na gharama ya lori linalosubiri itabebwa na nani.